Ndama Mwekundu Alitoka Wapi? Somo la Rangi na Urithi wa Ng'ombe



Asubuhi moja mzee mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu kabla mlango haujafunguliwa. Alikuwa amekasirika sana. Hata salamu ilimtoka kwa shida. Akasema: "Karani, fungua kitabu chako. Ng'ombe wangu ni Friesian, mweusi na mweupe. Nililipa mbegu ya Friesian, mweusi na mweupe. Juzi amezaa ndama jike mwekundu kama udongo wa barabara ya Sotik. Ama aliyempandisha amenidanganya, ama fahali wa jirani ameruka ua wangu. Nataka kujua nimshtaki nani."

Jirani huyo alikuwa na fahali mwekundu, na ndiyo sababu wazee hao wawili hawakuwa wakisalimiana tangu ndama alipozaliwa. Tena, ndama mwenyewe alikuwa amekwisha ahidiwa mchinjaji kwa bei ndogo, kwa kuwa mzee hakutaka kufuga "ndama wa wizi".

Nimeandika somo hili kwa sababu mzee huyo hakuwa wa kwanza, wala hatakuwa wa mwisho. Mtu asiyejua jinsi rangi inavyorithiwa aweza kupoteza mtamba mzuri na jirani mwema kwa siku moja. Basi chukua kalamu, uketi na watoto wako jioni, tujifunze pamoja. Mwisho wa somo nitakueleza tulichokiona kitabuni.

VICHEMBE VIWILI

Kila ng'ombe hurithi rangi yake kwa baba na kwa mama. Ndani ya mwili wake mna vichembe vidogo sana vya urithi, ambavyo wataalamu huviita jeni. Kwa kila jambo ng'ombe anavyo viwili: kimoja alipewa na baba, kimoja alipewa na mama. Naye akizaa, humpa ndama wake kimoja tu kati ya hivyo viwili, na hakuna awezaye kuchagua kitakuwa kipi.

Kwa ng'ombe wa gredi kama Friesian na Ayrshire, kichembe cha weusi kina nguvu kuliko kichembe cha wekundu. Ng'ombe mwenye vichembe viwili vya weusi ni mweusi. Mwenye viwili vya wekundu ni mwekundu. Je, mwenye kimoja cha weusi na kimoja cha wekundu? Huyo naye ni mweusi, wala huwezi kumtofautisha na yule wa kwanza kwa macho. Wekundu wake haukufa, umejificha. Aweza kuupitisha kwa mtoto na mjukuu, miaka mingi, bila mtu kuona.

Siku fahali mweusi mwenye wekundu uliojificha akikutana na ng'ombe mweusi mwenye wekundu uliojificha, ndama aweza kupokea kichembe chekundu kwa baba na kichembe chekundu kwa mama. Hapo wekundu hutoka nje, na watu hushangaa.

Mabaka meupe ni habari nyingine, yana vichembe vyake. Hapa tunasema juu ya ile rangi iliyopo penye mabaka yasiyo meupe.

JARIBIO LA MAHARAGWE

Chukua mikebe miwili. Hesabu maharagwe 40 yenye ukubwa mmoja, kisha nusu yake uyapake masizi ya chungu yawe meusi. Katika kila mkebe tia meusi 10 na mekundu 10. Mkebe wa kwanza ni fahali, wa pili ni ng'ombe jike. Wote wawili ni weusi kwa nje, wote wameficha wekundu.

Sasa mtoto afumbe macho, atoe haragwe moja katika kila mkebe. Hayo mawili ndiyo ndama. Andika rangi zake, kisha urudishe kila haragwe mahali pake na kutikisa mkebe. Fanya hivyo mara 40.

Mwishoni utaona kwamba karibu mara 10 yametoka meusi mawili, karibu mara 20 yametoka jeusi na jekundu, na karibu mara 10 yametoka mekundu mawili. Maana yake ndama mmoja katika kila wanne, kwa wastani, atakuwa mwekundu. Nasema kwa wastani. Usidhani kwamba ng'ombe akizaa weusi watatu, wa nne sharti awe mwekundu. Mkebe haukumbuki ulichotoa jana. Kila mimba ni bahati mpya.

Sasa badilisha: katika mkebe wa fahali tia meusi matupu. Utoe mara 100 ukitaka, hutapata ndama mwekundu hata mmoja. Kwa hiyo ndama mwekundu akizaliwa na wazazi weusi, wekundu huo umetoka pande zote mbili. Mama asilaumiwe peke yake, wala baba.

Na jaribu mara ya tatu: mikebe yote miwili iwe na mekundu matupu. Je, jeusi litatoka wapi? Halitoki. Hili ulishike sana. Weusi wawili waweza kuzaa mwekundu, lakini Ayrshire wekundu wawili hawazai mweusi. Ukipandisha Ayrshire kwa mbegu ya Ayrshire, kisha akazaa ndama mweusi, hapo ndipo penye haki ya kuuliza maswali.

MTAWA NA NJEGERE ZAKE

Mtu wa kwanza kuhesabu mambo haya kwa makini hakuwa na ng'ombe. Alikuwa mtawa aitwaye Gregor Mendel, katika mji wa Brno, ambao leo umo katika nchi ya Cheki. Alipanda njegere, zile tuziitazo minji. Alichanganya zenye maua ya zambarau na zenye maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kikatoa maua ya zambarau, kana kwamba weupe umekufa. Akazipanda mbegu zake tena. Katika mimea 929 ya kizazi cha pili, 705 ikatoa maua ya zambarau na 224 ikatoa maua meupe. Ni karibu tatu kwa moja, sawasawa na maharagwe yako.

Mendel alichapisha habari hizo mwaka 1866, lakini wakubwa wa elimu wa siku zile hawakuzijali. Alikufa mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wataalamu wengine walipoona jambo lile lile na kumpa heshima yake. Unaona basi, aliyeshinda ni yule aliyehesabu na kuandika.

RANGI ZISIZOJIFICHA

Si kila rangi hujificha. Ng'ombe wa Shorthorn mwekundu akipandishwa na Shorthorn mweupe, ndama hawi mwekundu wala mweupe, bali nywele nyekundu na nyeupe huchanganyika mwilini. Hao wenye mchanganyiko wakipandishana, robo ya ndama huwa wekundu, nusu huwa wa mchanganyiko, na robo huwa weupe. Hapa hakuna siri; kila kichembe kimeonekana.

Hata pembe zina sheria yake. Kutokuwa na pembe kuna nguvu kuliko kuwa na pembe. Kwa hiyo fahali wa Aberdeen Angus, asiye na pembe, huzaa ndama wasio na pembe hata kwa majike wenye pembe.

WANAOFUGA MAJOKA KWA AJILI YA RANGI

Utashangaa nikikuambia kwamba Marekani na Ulaya wako watu wanaofuga majoka kwa sheria hii hii. Joka mmoja wanayempenda ni boa, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Boa huyu hatagi mayai, huzaa watoto hai, na mara nyingi kwa mzao mmoja hupata makumi. Mara chache huonekana boa asiye na weusi wowote mwilini, mwenye rangi ya manjano na nyeupe, na macho mekundu. Mfugaji humpandisha na boa wa kawaida. Watoto wote hutoka wa kawaida kwa macho. Lakini wakipandishwa wao kwa wao, robo ya watoto, kwa wastani, hutoka na ile rangi ya ajabu. Ni maharagwe yetu yale yale. Tofauti ni kwamba mfugaji wa majoka huiona hesabu yake kwa mzao mmoja, ambapo wewe ungengoja miaka mingi, kwa kuwa ng'ombe huzaa ndama mmoja baada ya miezi tisa. (Kwetu Kenya usijaribu kufuga nyoka wa porini pasipo kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS.)

Nimewataja watu hao kwa sababu kazi yao ina onyo kwetu. Kwanza, ili kuitoa haraka rangi iliyojificha, wengine hupandisha baba na binti, au ndugu na ndugu. Rangi hutoka, lakini hata madhara yaliyojificha hutoka pamoja nayo. Pili, kuna chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye wafugaji walimtafutia sura ya mistari myembamba kama miguu ya buibui. Walifanikiwa, na wanunuzi wakawa wengi. Lakini kile kichembe kiletacho mistari hiyo ndicho kiletacho ugonjwa wa kutikisika kichwa. Nyoka hutikisa kichwa, na wengine hata windo lao hulikosa. Aliyenunua sura alinunua na ugonjwa.

MADHARA YALIYOJIFICHA KATIKA NG'OMBE

Sasa turudi Siongiroi. Kama wekundu waweza kujificha ndani ya ng'ombe mweusi, basi hata ubaya waweza kujificha ndani ya ng'ombe mzuri. Fahali aweza kuwa na mwili mkubwa na afya njema, huku amebeba kichembe kimoja kibaya kilichofunikwa na kizuri.

Ushahidi upo. Mwaka 1952 huko Marekani alizaliwa fahali wa Friesian wa kule, waitwao Holstein, jina lake Osborndale Ivanhoe. Damu yake ilienea katika nchi nyingi kwa njia ya mbegu. Baadaye ndama wengine wa ukoo wake, waliorithi kichembe kibaya kwa baba na kwa mama, walionekana hawana nguvu ya kupambana na magonjwa. Waliugua mara kwa mara na wengi wakafa wangali wadogo. Ugonjwa huo huitwa BLAD. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walipata kipimo cha kuwatambua mafahali wenye kichembe hicho, na tangu hapo vituo vya mbegu viliweza kuwaepuka.

Fahali wa kijijini kwetu hana mtu wa kumpima. Basi tufanye hesabu. Tuseme fahali ana kichembe kimoja kibaya kilichojificha, na majike wote wa kijiji ni wazima. Ndama wake wote watakuwa wazima kwa macho, na kila mtu atamsifu. Lakini nusu ya binti zake, kwa wastani, wamebeba kile kichembe. Ukimwacha fahali yule yule awapande binti zake, wale waliokibeba watazaa ndama mgonjwa mmoja katika wanne. Nusu ya robo ni sehemu moja ya nane. Ndama mmoja kati ya wanane! Na hiyo ni kwa kichembe kimoja tu. Mnyama aweza kubeba vingi.

Watu hawataona sababu. Watasema ni nyasi mbaya, au ni jicho la mtu. Kumbe sababu inalala zizini kila usiku.

Kwa hiyo usimwache fahali akae mpaka binti zake waanze kutafuta dume. Mtamba aliyelishwa vizuri huenda akaanza kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, na wengine mapema kuliko hapo. Majirani mnaotumia fahali mmoja, mbadilishane na kijiji cha mbali, lakini muulize kwanza kama fahali anayekuja si ndugu wa huyo anayeondoka. Ukiwa na ng'ombe wako aliyewekwa kwa rafiki, kama ilivyo desturi ya wazee wetu, mwandike huyo pia, maana binti za fahali mmoja huweza kutawanyika lokesheni nzima.

RANGI HAIJAZI MKEBE WA MAZIWA

Wazee wetu walimwita ng'ombe kwa rangi yake, na ni desturi nzuri. Hakuna aliyepotea katika kundi. Lakini kumwita kwa rangi si kumchagua kwa rangi. Kwenye mnada nimeona mtu akimwacha mtamba mwekundu mwenye mama wa maziwa mengi, akamchukua mweusi asiyejulikana mama, eti kwa sababu "Friesian halisi ni mweusi". Friesian wekundu wapo, nao ni Friesian kamili.

Maziwa hayaongozwi na kichembe kimoja kama wekundu. Huongozwa na vichembe vingi sana, kila kimoja kikiongeza au kupunguza kidogo. Tena urithi wenyewe hueleza kama robo hadi theluthi tu ya tofauti za maziwa kati ya ng'ombe na ng'ombe. Iliyobaki ni chakula, maji, kupe, magonjwa, na mkono wa mkamaji. Kiwanda cha kupoza maziwa hupima lita na usafi. Hakijauliza hata siku moja yule ng'ombe alikuwa na rangi gani.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, nunua daftari. Kila ng'ombe awe na ukurasa wake: jina lake, mama yake, baba yake, tarehe ya kununuliwa na jina la aliyemwuza.

Pili, siku ya kupandishwa andika tarehe, na jina na namba ya fahali. Kwa mbegu ya sindano, mambo hayo yamechapishwa juu ya mrija wenyewe. Mwombe mhamilishaji akuonyeshe mrija kabla hajautumia, nawe uandike mbele yake. Mtu mwaminifu hatakasirika. Kituo cha Kabete kimekuwa kikitoa mbegu tangu mwaka 1946, na tangu mwaka 2011 kinaitwa KAGRC. Mafahali wake wana majina na namba, na habari zao zaweza kuulizwa.

Tatu, hesabu siku 280 hivi tangu kupandishwa. Ndama akizaliwa karibu na siku hiyo, ni dalili kwamba mimba ni ya siku uliyoandika. Akichelewa wiki tatu kamili, huenda mimba ya kwanza haikushika, na ng'ombe alipata dume wakati wa joto lililofuata.

Nne, ndama akizaliwa andika tarehe, jike au dume, rangi, na kasoro yoyote. Ndama aliyekufa aandikwe pia. Wengi huona haya kumwandika aliyekufa, na yeye ndiye mwenye fundisho kubwa kuliko wote.

Tano, ikiwa bado pana shaka ya baba, usiende kwa chifu kwanza. Siku hizi kuna kipimo cha DNA kinachotumia nywele au damu ya ndama na ya wazazi wake. Kina gharama, lakini kesi pia ina gharama.

TULICHOKIONA KITABUNI

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Nilifungua kitabu. Tarehe ya kupandishwa ilikuwapo, na tulipohesabu tukaona ndama alizaliwa siku ya 279. Jina la fahali lilikuwapo. Tukatazama katalogi ya mafahali, na pembeni mwa jina lake palikuwa na herufi RC, alama ya Friesian mweusi aliyebeba wekundu.

Bado mama. Mzee alisema alimnunua akiwa mtamba, kwa mtu wa upande wa Sigor, na mama yake hamjui. Tukampigia simu yule mwuzaji. Hakusita hata kidogo: "Mama yake alikuwa Ayrshire wangu mwekundu, aliyekuwa akinijazia ndoo asubuhi na jioni."

Mzee alinyamaza. Mwanafunzi yeyote aliyecheza na maharagwe angejibu: mtoto wa mama mwekundu sharti abebe wekundu, hata akiwa mweusi kama masizi. Basi wekundu ulikuwapo pande zote mbili, na tarehe ilikubaliana na mrija. Nikamwambia mzee kwamba rangi ya ndama haimtii jirani hatiani, wala haimtii mhamilishaji.

Akaniuliza, "Na huyu ndama, ni mbaya?" Nikamjibu kwamba bibi yake mzaa mama alijaza ndoo asubuhi na jioni, na kwamba mchinjaji anaweza kutafuta nyama mahali pengine.

Alirudi nyumbani akapitia kwa jirani. Sikuwapo, lakini nilisikia kwamba mursik ilitolewa, na aliyeitoa ni yule aliyekuwa ameshtakiwa. Ndama yule sasa ni mtamba, naye ana mimba. Baba wa mimba yake ameandikwa katika daftari la mzee kwa mkono wake mwenyewe, jina na namba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtamba mwekundu amepandishwa na fahali mweusi asiyebeba wekundu. Ndama atakuwa na rangi gani kwa nje, na atakuwa ameficha nini?

2. Ng'ombe mweusi aliyebeba wekundu amepandishwa na fahali mwekundu. Katika ndama wanane, utazamie wekundu wangapi kwa wastani?

3. Ayrshire wekundu wawili wamepata ndama mweusi. Utauliza nini kwanza?

4. Fahali wa kijiji amekaa miaka mitatu, na ndama wake wote ni wazuri. Je, hiyo ni sababu ya kumwacha awapande binti zake? Eleza kwa hesabu.

Majibu ya 1 na 2 unaweza kuyahakikisha kwa mikebe na maharagwe. La 3 na la 4 yahakikishe kwa daftari lako. Na kama huna daftari, basi hilo ndilo jibu la kwanza.